Nani Apewe? Sadaka ya Mwisho wa Mwaka katika Historia ya Kanisa na ya Nchi Yetu ya Shaba



Mvua zimekwisha kushika hapa Tenke, Dominika ya Kristo Mfalme imepita, na katika makundi mengi ya parokia visanduku vya sadaka vinafunguliwa ili fedha zihesabiwe. Majira haya huleta furaha ya kutoa. Huleta pia ugumu tusiouzungumzia vya kutosha. Franga zilizomo ni chache, na wenye kuhitaji ni wengi: mjane ambaye mumewe alifukiwa na udongo ndani ya shimo la madini, kijana wa sekondari aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa franga za masomo, mzee asiye na mtu wa kumtekea maji, mgonjwa, mfungwa, na ndugu zetu wa mashariki waliokimbia vita. Kundi likiwagawia wote, kila mmoja atapata kiasi kisichomfaa. Likimpa mmoja, wengine wataondoka mikono mitupu. Hatuna budi kuchagua, na kumchagua mmoja kati ya maskini wawili ni jambo zito.

Wako wanaosema kwamba sadaka ya kweli haichagui, hupewa yeyote aliyetangulia kubisha hodi. Kauli hiyo ina wema ndani yake. Hata hivyo, anayetangulia kubisha hodi huwa ni yule mwenye miguu ya kutembea na ulimi wa kusema. Aliye dhaifu kupita wote hafiki mlangoni. Kanisa lilitambua jambo hili mapema sana, na tangu hapo limeendelea kujifunza namna ya kuchagua bila kumdharau yeyote. Katika tafakari hii tunapenda kupitia pamoja nanyi sehemu chache za historia hiyo, kuanzia Yerusalemu hadi stesheni zetu za reli, ili kundi lenu litakapoketi mwezi huu likate shauri kwa macho yaliyo wazi.

Malalamiko ya wajane wa Yerusalemu

Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 6, kinasimulia manung'uniko yaliyozuka mapema ndani ya Kanisa, nayo yalihusu ugawaji wa msaada. Jumuiya ya Yerusalemu ilikuwa ikiwahudumia wajane kila siku. Waamini wenye kusema Kigiriki wakalalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa, hali wale wa Kiebrania wanapata. Hatusomi popote kwamba wagawaji walikuwa watu wabaya. Yaelekea kila mmoja aliwakumbuka kwanza wale aliowafahamu, wa lugha yake na wa ukoo wake. Ndivyo upendeleo ulivyo mara nyingi: hauhitaji chuki, mazoea yanautosha.

Mitume hawakuwakemea waliolalamika. Waliwaita waamini wote, wakawataka wachague watu saba wenye sifa njema wasimamie kazi ile. Yafaa tuyatazame majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kigiriki. Ugawaji uliwekwa mikononi mwa watu walio karibu na wale waliokuwa wakisahauliwa. Kwetu Tenke, mahali ambapo Wasanga, Walunda, Wachokwe, Waluba na watu wa Kasai wanakaa mtaa mmoja kwa sababu ya reli na migodi, somo hili halihitaji maelezo marefu. Kamati ya sadaka iliyojaa watu wa upande mmoja itawaona maskini wa upande huo.

Miaka michache baadaye, njaa iliyotokea wakati wa Kaisari Klaudio iliwafanya Wakristo wa Antiokia wapeleke msaada Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Paulo. Paulo alilishika jambo hilo moyoni. Katika miaka ya 50 aliwahimiza waamini wa Galatia, Makedonia na Akaya wachangie maskini wa Yerusalemu, watu ambao wengi wao hawakuwaona kamwe. Ukizisoma barua zake kwa Wakorinto utakuta mambo matatu ambayo kila mwekahazina wa kundi angepaswa kuyajua.

La kwanza, Paulo aliagiza kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya kila juma, kadiri ya alichojaliwa, ili mchango usikusanywe kwa haraka siku atakapofika. La pili, alikataa kubeba fedha peke yake. Makanisa yenyewe yaliteua watu wa kusafiri pamoja naye, kwa maana alitaka mambo yawe mema mbele ya Mungu na mbele ya wanadamu pia, asipate mtu wa kumshutumu. La tatu, aliwakumbusha Wakorinto kwamba walikuwa wameanza kwa bidii tangu mwaka uliotangulia na bado hawajamaliza. Tunawafahamu Wakorinto hao. Ni kundi linalopiga makofi siku ya kuahidi na kunyamaza siku ya kutimiza.

Majina yaliyoandikwa Roma

Karibu na mwaka 155, Mtakatifu Yustino, mwanafalsafa aliyeifia imani huko Roma, alimwandikia Kaisari kuwaeleza wapagani jinsi Wakristo wanavyokusanyika siku ya Jua. Baada ya kueleza masomo na Ekaristi, aliongeza kwamba wenye uwezo hutoa wapendavyo, na kilichokusanywa huwekwa kwa yule anayeongoza ibada, naye huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Sadaka ilitoka katika Misa na kwenda moja kwa moja kwa watu wanaojulikana.

Karibu na mwaka 251 Papa Korneli alimwandikia askofu Fabio wa Antiokia barua ambayo mwanahistoria Eusebio alituhifadhia. Ndani yake alitaja mapadri 46, mashemasi 7, na wajane pamoja na wahitaji zaidi ya 1,500 waliokuwa wakitunzwa na Kanisa la Roma. Idadi hiyo yatueleza jambo kubwa. Kanisa lililokuwa limetoka tu katika dhuluma ya Kaisari Desio lilijua hesabu ya maskini wake kama lilivyojua hesabu ya mapadri wake. Ili mtu ajue kwamba ni zaidi ya 1,500, lazima kuna waliopita nyumba kwa nyumba, wakauliza, wakaandika.

Iko saa, hata hivyo, ambayo daftari hufungwa na chungu kikafunguliwa kwa wote. Njaa ilipoikumba Kaisaria ya Kapadokia karibu na mwaka 369, Mtakatifu Basili aliwahubiria matajiri hadi wakafungua ghala zao, akawakusanya wenye njaa na kuwahudumia kwa chakula kilichopikwa. Njaa ilipokwisha hakurudi nyumbani kupumzika. Alijenga nje ya mji makao ya wagonjwa, wasafiri na wakoma. Tunajifunza kutoka kwake kutofautisha mahitaji ya aina mbili: lile la saa hii, ambalo halingoji mkutano, na lile la miaka, ambalo halitibiwi kwa chungu kimoja.

Chakula kingi cha siku moja

Mwaka 1617 padri mmoja wa Ufaransa, Vinsenti wa Paulo, alikuwa paroko wa mji mdogo wa Châtillon. Siku ya Dominika, mwezi wa Agosti, alipata habari kabla ya Misa kwamba nje ya mji iko familia ambayo wote ni wagonjwa, wala hakuna wa kumsaidia mwenzake. Alilisema katika mahubiri. Mchana alipokwenda kuwatazama, alikuta njia imejaa watu, wengine wakienda na vyakula, wengine wakirudi. Parokia nzima iliguswa.

Padri mwingine angeshukuru na kulala usingizi mzuri. Vinsenti aliona kasoro. Chakula kilichopelekwa kilikuwa kingi kupita kiasi. Sehemu yake ingeharibika, na baada ya siku chache familia ile ingerudi katika shida ileile, watu wakidhani wamekwisha kuisaidia. Upendo ulikuwepo, utaratibu ulikosekana. Siku chache baadaye aliwakusanya wanawake wa parokia, wakapangiana zamu, kila mmoja na siku yake ya kuwapikia na kuwatunza wagonjwa. Kabla mwaka haujaisha chama chao kilikuwa na kanuni iliyoandikwa na mwekahazina. Kutoka chanzo hicho kidogo zilitokea kazi ambazo leo zimeenea duniani, pamoja na shirika la Mabinti wa Upendo alilolianzisha na Louise de Marillac mwaka 1633.

Vijana, liwekeni tukio la Châtillon mbele yenu mnapofikiria Noeli. Katika miji mingi, mwezi wa Desemba, nyumba za watoto yatima hupokea wageni watatu au wanne kwa wiki, kila mgeni na mfuko wa mchele, soda na biskuti. Mwezi wa Februari hapiti mtu. Mtoto aliyekula mara nne siku ya Noeli hawezi kuiweka shibe ile akiba.

Historia ya Frédéric Ozanam yawahusu zaidi, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi. Huko Paris, mji uliokuwa umepigwa na kipindupindu mwaka 1832, wenzake wasioamini walimuuliza yeye na rafiki zake: Kanisa lenu lilifanya mambo makubwa zamani, leo linafanya nini? Tarehe 23 Aprili 1833, siku alipotimiza miaka 20, Ozanam na wenzake wachache walikutana na kuanzisha kundi ambalo baadaye liliitwa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Wote walikuwa wanafunzi, isipokuwa Emmanuel Bailly aliyewaongoza. Hawakuwajua maskini. Walimwendea Sista Rosalie Rendu, aliyeishi miaka mingi katika mtaa wa wafukara, naye akawapa familia za kutembelea. Chama hakikuanza na fedha. Kilianza na kuingia nyumbani mwa mtu, kuketi na kusikiliza. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Ozanam kuwa mwenye heri huko Paris tarehe 22 Agosti 1997, katika siku za vijana wa dunia nzima.

Kampuni iliyoitwa baba na mama

Sasa turudi katika nchi yetu, maana hapa nako liko somo ambalo halipatikani Yerusalemu wala Paris.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Treni ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikafika Bukama mwaka 1918. Mwaka 1931 njia itokayo Lobito, kwenye bahari ya Angola, iliunganishwa na reli ya Katanga hapahapa Tenke. Kampuni ilijenga nyumba za wafanyakazi, hospitali na shule, ikagawa unga. Serikali ilipoitwaa tarehe 1 Januari 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines, desturi hiyo iliendelea. Wazee wetu waliizoea kuiita kampuni baba na mama. Mtoto alizaliwa katika hospitali yake, akasoma katika shule yake, akala bukari ya unga wake.

Mengi yaliyotolewa yalikuwa mema, nasi hatuyakani. Lakini mtu aliyepewa vyote na baba mmoja hajifunzi kumtafuta jirani. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto uliporomoka. Uzalishaji wa shaba, uliozidi tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari. Baba alikuwa amekufa, na wana walibaki wakitazamana.

Katikati ya miaka hiyo migumu lilitokea jambo ambalo vijana wengi hamkulisikia kwa ukamilifu, kwa sababu wakubwa wenu huona haya kulisimulia. Tangu mwezi wa Agosti 1992 huko Likasi, na tangu Machi 1993 huko Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa na wazazi waliozaliwa hapa. Walikimbilia stesheni na shule, wakalala hapo majuma na miezi wakingoja treni. Magonjwa na njaa viliua wengi, watoto hasa, katika stesheni na ndani ya mabehewa. Treni za kwenda Kamina na Mwene-Ditu, zitoke Likasi au Kolwezi, hazina njia nyingine isipokuwa Tenke. Walipita hapa.

Tunalitaja jambo hili bila nia ya kufukua ugomvi. Tunalitaja kwa sababu ni mtihani wa kweli wa kuchagua. Mwaka 1993 maskini kupita wote wa mkoa wetu alijulikana alipo. Hakuhitaji kuandika barua ya maombi. Alikuwa kwenye stesheni, amekaa juu ya godoro lake. Lililozuia mikono mingi isimfikie halikuwa ufukara pekee. Lilikuwa swali la lugha na asili, lilelile la wajane wa Yerusalemu. Siku za amani ndizo siku za kulizoesha kundi kumpa asiye wa kwetu, kwani siku ya ghasia hakuna anayejifunza.

Kusikiliza kabla ya kutoa

Mwaka 2012 Masista wa Mchungaji Mwema walianza utume wao Kolwezi. Walikuta mji ambamo watoto wengi walikuwa wakiokota, wakiosha na kubeba madini badala ya kwenda shule. Njia ya haraka ingekuwa kugawa nguo na chakula. Wao walianza kwa kusikiliza jumuiya ili wajue ni nini kinachomrudisha mtoto mgodini. Jibu lilikuwa dhahiri kwa aliyetaka kulisikia: mtoto huenda mgodini kwa sababu mama hana njia nyingine ya kupata chakula cha jioni. Ndiyo maana kazi yao iliunganisha mambo yanayotegemeana: masomo kwa watoto, ufundi na shughuli za kipato kwa wanawake na wasichana, kilimo, na mafundisho juu ya haki za watu. Mtoto akipewa daftari huku mama akiachwa vilevile, daftari litakuwa limekwisha kabla ya Pasaka.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa kumkaripia mgeni mvivu, lakini ina heshima ndani yake, kwa kuwa jembe ni ishara kwamba sasa yeye ni mmoja wetu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema jambo la karibu na hilo katika hati yake juu ya utume wa walei, iliyotolewa tarehe 18 Novemba 1965. Hati hiyo, katika namba ya 8, inataka msaada utolewe kwa namna ambayo anayeupokea atatoka polepole katika kuwategemea wengine na kujitosheleza mwenyewe. Inaongeza onyo linalotuhusu sana sisi watu wa migodi: lile ambalo mtu anadaiwa kwa haki asipewe kana kwamba ni zawadi ya huruma.

Haki ina deni lake

Tulipime onyo hilo kwa mifano miwili ya kwetu.

Tangu mwaka wa masomo wa 2019 hadi 2020, serikali imetekeleza masomo ya msingi bila malipo katika shule za umma. Mtoto wa shule ya msingi ya umma akirudishwa nyumbani kwa sababu ya malipo ya masomo, kundi likalipa na kunyamaza, limemsaidia mtoto huyo mmoja na limekubali kwamba wengine mia waendelee kudaiwa kisichostahili. Kazi ya kwanza ni kuuliza kwa heshima: malipo haya ni ya nini, na nani ameyaruhusu? Franga za kundi ziende kule ambako sheria haijafika: daftari, viatu, au masomo ya sekondari kwa yatima.

Mfano wa pili ni sheria ya madini, iliyorekebishwa mwezi wa Machi 2018. Inaagiza kwamba mrabaha wa madini ugawanywe: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa eneo la utawala ambamo madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena inaitaka kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya jumuiya zinazoguswa na mgodi. Mgodi mkubwa wa Tenke na Fungurume umekuwa ukitoa shaba tangu mwaka 2009. Kwa hiyo, kundi likiletewa ombi la kujenga darasa au kuchimba kisima, linapaswa kwanza kujiuliza kama kazi hiyo tayari ina fedha yake kwa mujibu wa sheria. Ikiwa inayo, mchango bora wa vijana ni kusoma, kuhudhuria mikutano ya jumuiya, na kuuliza hesabu bila matusi na bila hofu. Kumpunguzia mwenye deni kubwa mzigo wake kwa noti za maskini hakumjengi yeyote.

Msielewe kwamba tunawaambia mngojee haki itimie ndipo mtoe. Mjane mwenye njaa leo hawezi kula asilimia. Mpeni leo, na kesho mwulizie deni lake. Mikono yote miwili ni ya Mkristo mmoja.

Tufanyeje mwezi huu?

Kutokana na yote haya tunawapa mashauri machache.

Waulizeni kwanza wale wanaowajua maskini kwa majina. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walikata shauri kwamba Kanisa letu lijengwe juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, ambazo leo tunaziita CEVB. Mama kiongozi wa jumuiya ya mtaa anajua nyumba ambayo moshi haukuonekana tangu juzi. Pelekeni vijana wawiliwawili wakatembelee, wala wasipige picha. Umaskini wa mtu ni siri yake, nasi hatuna ruhusa ya kuutangaza ili tusifiwe.

Chagueni kidogo, mfuate muda mrefu. Ni afadhali kumsimamia mwanafunzi mmoja hadi amalize mwaka kuliko kuwapa wanafunzi kumi kalamu mojamoja. Fanyeni hesabu ya Mtakatifu Paulo. Vijana 40 wakitoa franga 2,000 kila mmoja wakati wa Noeli, kundi lina franga 80,000. Vijana haohao wakiweka noti moja ya franga 200 kila Dominika, baada ya Dominika 52 kundi lina franga 416,000. Haba na haba hujaza kibaba, na mwenye kuweka kila Dominika humkumbuka maskini kila Dominika.

Msimsahau wa mbali. Wamakedonia hawakuijua Yerusalemu, nao walitoa. Tangu Goma ilipotekwa mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, idadi ya ndugu zetu waliokimbia makwao imeongezeka juu ya mamilioni waliokuwa wamekwisha kukimbia. Sehemu ya sadaka, hata iwe moja ya kumi, ikipita kwa paroko hadi Caritas ya jimbo, itawafundisha ninyi wenyewe kwamba familia yetu haiishii Lualaba.

Mwisho, someni hesabu hadharani: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Fedha ibebwe na watu wawili, kama Paulo alivyotaka. Na ombi mlilolikataa lipate jibu la adabu, limfikie mwenyewe kwa mdomo wa mtu aliye mbele yake. Maskini huvumilia kukosa; kupuuzwa humwumiza zaidi.

Papa Fransisko alianzisha Siku ya Maskini Duniani, iliyoadhimishwa mara ya kwanza tarehe 19 Novemba 2017, akaiweka Dominika moja kabla ya Kristo Mfalme. Mpangilio huo una maana yake. Mwaka wa Kanisa unapokaribia kufungwa, kabla hatujamsifu Mfalme, tunaulizwa alikuwa na njaa wapi na sisi tulikuwa wapi. Kundi litakalojibu kwa jina la mtu, jina la mtaa na hesabu iliyoandikwa, litakuwa limejibu vema.

Maswali ya kutafakari katika kundi

1. Katika mitaa yetu, ni maskini gani ambao hawafiki mlangoni petu, na ni nani kati yetu anayeweza kuwafikia?
2. Tukiitazama kamati yetu ya sadaka, ni lugha gani na ni mitaa gani ambayo haimo?
3. Katika maombi tuliyoyapokea mwaka huu, lipi ni la huruma, na lipi ni deni la haki ambalo tunapaswa kuliulizia?
4. Tuliyemsaidia Noeli iliyopita yuko katika hali gani leo?